Nusu Iwe Nusu: Vitofali vya Mbao vya Dagoretti Corner

Novemba ikiingia na shule zikifungwa, Barabara ya Naivasha jijini Nairobi hubadilika sura. Kuanzia Dagoretti Corner hadi ndani ya Kawangware, wachuuzi hutandika turubai na kupanga juu yake vichezeo vya Krismasi: gari la polisi la plastiki lenye king'ora, simu ya kubonyeza inayoimba wimbo mmoja, mdoli aliyefungwa kwa waya ndani ya boksi. Mama mwenye mtoto mgongoni husimama, akauliza bei, akahesabu pesa zake kimoyomoyo. Anataka kitu kitakachomchekesha mtoto, kimfunze, na kisivunjike kabla ya mwaka kwisha.

Mimi humshauri asogee hadi Barabara ya Ngong, waliko maseremala. Vitanda, makochi, kabati na meza hupangwa mbele ya vibanda vyao, na nyuma yake nyundo na misumeno hainyamazi. Barabara ilipopanuliwa baadhi yao walilazimika kusogeza vibanda, lakini kazi haikufa. Kila kitanda kinachotoka hapo huacha vipande vifupi visivyofaa tena kwa fanicha, na vingi huishia jikoni kuwa kuni. Ukimpata fundi aliye tayari, vipande hivyo vinatosha kutoa zawadi bora ninayoijua kwa mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka sita: seti ya vitofali vya mbao, visivyo na rangi, visivyo na herufi, visivyo na betri.

Mtu akiviona vikiwa tayari hudhani ni kazi rahisi, ya kumpa mwanagenzi. Sivyo. Kitanda husamehe milimita mbili. Godoro likishawekwa, nani atajua? Kitofali hakisamehi. Kazi yake yote ni kulingana na wenzake, na mtoto atakijaribu mara nyingi kuliko mteja yeyote anavyojaribu kiti.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1837, katika mji wa Bad Blankenburg, Ujerumani, Friedrich Fröbel alianza kuwatengenezea watoto wadogo seti za kuchezea kwa mpangilio maalumu: kwanza mipira laini ya uzi, kisha tufe, mchemraba na mcheduara wa mbao, kisha mchemraba uliogawanywa vipande vinane sawasawa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Caroline Pratt wa New York, mwalimu aliyekuwa pia akifundisha useremala, alisanifu vitofali vikubwa zaidi ambavyo hadi leo vimejaa katika shule za chekechea duniani. Kanuni yake ni fupi: upana uwe mara mbili ya unene, na urefu uwe mara mbili ya upana. Moja, mbili, nne. Kwa kanuni hiyo vitofali viwili vilivyolazwa hufika kimo cha kimoja kilichosimamishwa ubavu, na viwili vilivyosimamishwa hivyo, kimoja juu ya kingine, hufika kimo cha kimoja kilichosimama wima. Mtoto hafundishwi hesabu hiyo na mtu. Anaikuta mkononi.

Sasa njoo nayo Dagoretti Corner. Mbao ya inchi 2 kwa 4 ni mbao ya kila siku kwa fundi wa Nairobi, na ukiitazama tu inaonekana tayari ina nusu ya kanuni ya Pratt. Tatizo huanza randa inapoingia. Mbao iliyotoka kwenye msumeno ina takriban milimita 50 kwa 100. Fundi mwenye haraka atatoa milimita 5 kwenye unene na 5 kwenye upana, abaki na 45 kwa 95. Inaonekana safi na laini, lakini kanuni imekwisha kuvunjika: vitofali viwili vilivyolazwa vitafika 90, na kile kilichosimamishwa ubavu kando yake kitafika 95. Mtoto akilaza daraja juu ya nguzo hizo mbili, litainama upande mmoja. Fundi ninayemwendea mimi hutoa 5 kwenye unene na 10 kwenye upana. Anapoteza mbao nzuri kidogo, ikawa maranda chini ya meza, ili apate 45 kwa 90 kamili.

Kisha ukataji. Mtu angedhani kipande cha milimita 180 kikikatwa katikati kitatoa viwili vya 90. Hakitoi. Meno ya msumeno yana unene, na kila yanapopita hula kama milimita 3 na kuzifanya vumbi. Nusu mbili zilizopatikana hivyo hazirudishi kizima. Kwa hiyo kila ukubwa hukatwa peke yake. Fundi amegongomea kizuizi cha mbao kwenye meza, umbali wa milimita 90 kutoka mahali msumeno unapopita. Ubao husukumwa hadi ugote, ndipo ukatwe. Hapo utazame mkono wake wa kushoto. Kabla ya kusukuma, anapitisha brashi ndogo mbele ya kizuizi. Chembe za vumbi zikibanwa hapo, kipande kinachofuata kitatoka kifupi kwa unene wa chembe hizo. Anakata, anafagia, anasukuma. Anakata, anafagia, anasukuma. Hajawahi kunieleza kwa nini hachoki, na mimi sijamuuliza, kwa sababu jibu liko mezani.

Akimaliza, husimamisha vipande viwili bega kwa bega na kupitisha kidole gumba juu ya mahali vinapokutana. Jicho hudanganywa na kivuli. Kidole hugundua tofauti ndogo ambayo jicho halikuiona, na kipande kilichozidi hurudi kwenye msasa.

Yote haya ni bure ikiwa mbao ni mbichi. Mbao ikikauka hupungua kwa unene na upana, lakini kwa urefu wa nyuzi zake haipungui kwa kiasi cha kuonekana. Kitofali kilichokatwa kwa kipimo kamili kutoka kwenye mbao yenye maji kitakonda baadaye huku kikibaki na urefu wake, na ile moja, mbili, nne itapotea ndani ya sanduku bila mtu kukigusa. Saiprasi inayouzwa mjini mara nyingi hufika ikiwa na unyevu, na Novemba ni mwezi wa mvua za vuli. Makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa yako papo hapo Dagoretti Corner, lakini fundi hupima unyevu kwa mikono yake: anainua vipande viwili vya ukubwa mmoja kulinganisha uzito, kisha anavigonganisha asikie sauti. Mbao kavu hulia kwa ukali. Mbichi hujibu kwa sauti nzito, iliyozibwa.

"Hii bado mbichi, mama," ataniambia na kuirudisha darini juu ya kibanda. "Ukiichukua leo, Februari itakuwa imekonda."

"Basi nitangoja, fundi."

Ndiyo maana oda ya Krismasi hupelekwa mapema, mbao ikapewa nafasi ya kutulia.

Kuna uamuzi mwingine mgumu: kona. Kona kali humuumiza mtoto, basi ni lazima ilainishwe. Lakini ukiizungusha sana, uso unaokalia kitofali cha juu unapungua, na mnara wa vitofali sita utateleza hata mtoto akiwa makini. Fundi hupitisha tupa kidogo, kisha msasa wa namba 80, 120 na 220, akiishia kwenye ukingo usiokwaruza shavu lakini bado unashika. Halafu hapaki rangi. Kiwango cha Kenya huruhusu risasi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni katika rangi, lakini kopo lisilo na lebo halikuambii lina nini, na mtoto wa mwaka mmoja atakitia kitofali mdomoni kabla ya kukiweka sakafuni. Saiprasi tupu, yenye mistari yake na harufu yake, inatosha.

Na mtoto atafanya nini na vitu vilivyo kimya hivi? Madaktari wa watoto duniani kote hutumia vitofali vidogo kufuatilia ukuaji, kwa sababu mikono ya mtoto husema mengi. Karibu na mwaka mmoja, atagonganisha viwili na kuvitupa ndani ya sufuria, avitoe, avitupe tena. Akifika mwaka mmoja na nusu, ataweka viwili au vitatu kimoja juu ya kingine. Kwenye miaka miwili, wengi hufikisha sita. Kwenye miaka mitatu huja jambo kubwa: anaacha nafasi kati ya viwili na kulaza cha tatu juu. Amejenga daraja. Ameona kwamba nafasi tupu nayo ni sehemu ya jengo. Baada ya hapo ni boma la ng'ombe, stendi ya matatu, duka, hospitali. Simu inayoimba humfanyia mtoto kazi yote naye akabaki mtazamaji. Vitofali havimfanyii lolote, ila havimdanganyi. Akiweka vibaya vinaanguka, akiweka vizuri vinasimama, na sababu si kosa la seremala. Huo uaminifu wa kipimo ndio elimu yenyewe.

Swali hilo la mtoto atafanya nini na kitu hufaa pia unapochagua zawadi nyingine. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja anahitaji kitu cha kushika, kutikisa na kutafuna. Wa mwaka mmoja hufurahia chombo chenye kifuniko na vitu vikubwa vya kujaza na kumwaga. Wa miaka miwili au mitatu anapenda mdoli, na fundi cherehani wa Kawangware anaweza kumshona kutokana na vipande vya kitenge, macho yakatariziwa kwa uzi badala ya vifungo vinavyong'oka. Wa miaka minne au mitano ataweza fumbo la picha lenye vipande vichache, au kitabu cha hadithi ambacho mtu mzima atakubali kukisoma tena na tena. Hata kwenye mitumba ya soko la Toi, karibu na Adams Arcade, vinapatikana vichezeo vizuri. Vuta kila kiungo, pindua chini, angalia kama mlango wa betri umefungwa kwa skrubu. Betri ndogo bapa za mviringo ni hatari kubwa: mtoto akimeza moja na ikakwama kwenye umio, inaweza kuuchoma ndani ya saa mbili.

Kuhusu ukubwa, viwango vya kimataifa vya vichezeo vya watoto walio chini ya miaka mitatu hutumia kichupa chenye kipenyo cha milimita 31.7: kitu kinachozama chote ndani yake kinaweza kumsakama mtoto kooni. Kitofali kidogo kabisa cha seti yetu ni mchemraba wa milimita 45, hivyo hakiingii. Vile virefu vya 180 ni vizito; viwekewe kaka au dada mkubwa hadi mdogo atakapokuwa na nguvu ya kuviinua bila kujiangushia vidoleni.

Wala hili si jambo la kigeni kwetu. Watoto wa mitaa hii wamejitengenezea magari ya waya na mipira ya mifuko ya plastiki iliyosokotwa kwa kamba, hadi mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Agosti 2017. Tangu Kituo cha Kitaifa cha Elimu ya Chekechea kilipoanzishwa mwaka 1984, walimu wa watoto wadogo nchini wamefunzwa kutengeneza vifaa vya darasani kwa vitu vilivyo karibu: vifuniko vya chupa, mbegu, nguo kuukuu, vipande vya mbao. Fundi wa Barabara ya Ngong anaongeza juu ya urithi huo kitu kimoja adimu, usahihi.

Ukienda kuagiza, usiseme tu unataka vitofali. Mwambie fundi unene 45, upana 90, na urefu wa 45, 90 na 180. Umwambie pia kwamba vingine vya upana wa 45 vitahitajika ili nusu zipatikane. Uliza mbao ilikatwa lini. Kabla ya kulipa, jenga mnara pale pale mezani, ulaze viwili kando ya kimoja kilichosimamishwa ubavu, upitishe kidole. Fundi mzuri hatakasirika. Atasogea akuangalie ukijaribu. Usimtake apunguze bei kwa hoja kwamba ni masalio, kwa maana mbao ndiyo masalio, saa zake si masalio. Seti haihitaji kuwa kubwa mwaka wa kwanza. Vipimo vikishakuwa kamili, vitofali vya mwaka ujao vitalingana na vya mwaka huu, na vya mtoto wa pili vitalingana na vya wa kwanza. Mwaka ujao chukua kimoja kutoka kwenye sanduku la mtoto, mpelekee fundi kiwe kigezo, na uagize vingine.