Heko, Masonara wa Nizwa

Masonara wa Nizwa, Oman, wanastahili heko. Wazee wao waliyeyusha sarafu za reale za Maria Theresa, zenye mwaka 1780 upande wa nyuma, wakapata fedha ya kufua. Bamba jembamba hupashwa moto lilainike, hulazwa juu ya lami, kisha ncha butu ya chuma hulisukuma kwa nyuma, nyundo ikigonga taratibu, mpaka ua linainuka upande wa mbele. Pigo zito hulipasua. Pigo la woga haliachi alama. Ufundi huu ndio uliopamba ala za majambia, fahari ya wanaume wa Muscat na Unguja. Mwaka 2022 UNESCO iliuorodhesha utamaduni wa jambia la Oman. Vijana, kaeni karibu na mafundi hawa mjifunze.