Hulka Njema na Hulka Iliyoshindwa: Adili na Rosa mbele ya Msomaji

Swali la iwapo mtu aliyezaliwa na hulka njema humzidi yule aliyeishinda hulka yake mbaya ni kongwe katika falsafa. Aristotle alimtanguliza asiyevutwa na tamaa mbaya mbele ya anayevutwa akajizuia. Kant, mwaka 1785, aliona kuwa thamani ya kimaadili hudhihirika zaidi pale wajibu unapotimizwa bila msaada wa mwelekeo wa moyo. Methali zetu nazo hazina kauli moja: mwana wa nyoka ni nyoka, lakini mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Makala haya yanalichunguza swali hilo katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert na Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi.

Katika Adili na Nduguze, majina yanatoa hukumu kabla ya matendo. Msomaji anayekutana na Adili, Hasidi na Mwivu hahitaji kuuliza nani mwema. Kwa sababu hiyo wahakiki wengi humwona Adili kuwa kielelezo kisichobadilika, na hivyo mhusika bapa. Usomaji huo unapuuza tukio lililo kiini cha riwaya. Baada ya nduguze kumtosa baharini, jini Huria anawageuza manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Hapo hulka yake haimsaidii tena, inamtesa. Analazimika kutenda kinyume cha huruma yake, kisha anawalisha na kuwabembeleza wale aliowachapa. Wema uliodhaniwa kuwa wa kuzaliwa unageuka kazi ya kila usiku.

Hata hivyo, riwaya ina upungufu ambao sifa za mwandishi hazipaswi kuuficha. Mageuzi ya Hasidi na Mwivu ndiyo badiliko kubwa la kimaadili katika kisa hiki, lakini hatuyaoni yakitendeka ndani yao. Adili ndiye anayesimulia. Wao, katika umbo la unyani, hawana ulimi. Tunapewa tunda la toba bila kuonyeshwa mapambano yake.

Kezilahabi anafanya kinyume. Rosa analelewa chini ya ukali na kipigo cha Zakaria, babaye, na usafi wake wa utotoni ni zao la hofu kuliko hulka. Akipata uhuru, usafi huo hauna mzizi wa kumshikilia. Lakini baadaye anajirudi, na kujirudi huko tunakuona kwa karibu. Tatizo ni kwamba hakuna anayekupokea. Charles, aliyekuwa tayari kumwoa, anamwacha kwa sababu ya yaliyopita, na Rosa anajiua.

Zikisomwa pamoja, riwaya hizi zinabadilisha swali lenyewe. Hasidi na Mwivu walikuwa wametenda uovu mkubwa kuliko wa Rosa, lakini wao walirejeshwa katika utu na yeye akaangamia. Tofauti haimo katika uzito wa kosa wala katika ukweli wa toba. Imo kwa aliyekuwa upande wa pili wa mlango. Nduguze Adili walikuwa na ndugu aliyeendelea kuwaita ndugu, na Mfalme Rai aliyewaombea kwa Huria. Rosa alikuwa na mchumba aliyeuthamini usafi kuliko mtu.

Kwa hiyo, hoja ya makala haya ni kwamba hulka njema haina ubora wa kujivunia peke yake. Ubora wake hupimwa kwa namna inavyompokea aliyeanguka akarudi. Adili ni bora kwa sababu wema wake uliwaachia wengine nafasi ya kuwa wema. Kwamba hakuwahi kuwa mwovu si hoja kubwa. Charles hana nafasi hiyo ya kutoa, na kwa kipimo hiki Rosa aliyejitahidi anamzidi. Uhakiki wa maadili katika riwaya ya Kiswahili utanufaika ukiacha kugawa wahusika kuwa wema na wabaya, ukauliza badala yake ni nani katika kisa anayelipa gharama ya wema, na ni nani anayefunga mlango.