Nani Yuko Kizimbani? Kuisoma *Rosa Mistika* Kando ya Ziwa Nyasa

Kuna maneno ambayo hayakosekani kwenye misiba yetu ya Mbinga: "Kazi ya Mungu haina makosa." Nimeyasikia kwa mzee aliyekula chumvi nyingi na kwa mama aliyefia uzazini. Sikatai, yanatuliza. Shida ni kwamba yanafunga faili kabla hatujauliza gari la wagonjwa lilikuwa wapi.

Ndiyo maana *Rosa Mistika* (1971) ya Euphrase Kezilahabi bado inanisumbua. Mwandishi alisoma seminari ya Nyegezi, kwa hiyo lugha ya mapadri anaijua. Wengi wanaikumbuka riwaya hii kwa kupigwa marufuku shuleni, kisa mambo ya mapenzi. Kwangu mimi, mshtuko mkubwa uko mwishoni. Rosa amejiua, halafu yeye na baba yake, Zakaria, wanasimama mbele ya Mungu wakitupiana lawama. Nani alimharibu binti huyu? Baba mlevi aliyemcharaza kwa sababu ya barua ya mvulana, au yeye mwenyewe?

Linganisha na Ayubu. Kule mtu anamdai Mungu majibu. Hapa Mungu anasikiliza kesi ya watu. Kezilahabi anautoa uovu mbinguni na kuurudisha nyumbani na kilabuni. Mzazi wa huku anayenywea hela yote ya kahawa, akiusoma mwisho ule, hana pa kujificha.

Lakini jibu hilo lina ukomo, na ziwa letu linauonyesha. Tarehe 2 Septemba 1895 Chauncy Maples, askofu mpya wa Likoma, alizama Ziwa Nyasa katika dhoruba. Inasimuliwa kwamba alishikilia safari iendelee. Sawa, hilo ni la mtu. Na mawimbi je? Mwera ukivuma ziwani, hakuna Zakaria wa kumlaumu. William Percival Johnson, mwenzake tangu Oxford, aliendelea kuhubiri mwambao huu hadi alipofariki 1928, akazikwa Liuli.

Hapo Kezilahabi ananyamaza, nami namrudia Ayubu. Naye hapewi sababu, ila anajibiwa, tena kutoka ndani ya upepo wa kisulisuli.

Ningeshauri tuanze na Kezilahabi. Tukishahesabu yale tuliyoyafanya wenyewe, kitakachobaki ndicho tumuulize Mungu.