Wazee wa Ska Wampisha Binti
Ukiichukua Encore ya The Specials (2019) ili urukeruke, utanuna: ska yenyewe kiduchu. Wazee hawa wa Coventry, waliovuma tangu 1979, safari hii wanaongea kuliko kurusha watu. "Vote for Me" inanukia mno "Ghost Town" yao ya 1981. Lakini sikilizeni "B.L.M."! Lynval Golding, mzaliwa wa Jamaika, anasimulia ubaguzi bila madoido, na inachoma. Halafu "10 Commandments": Prince Buster aliwapangia wanawake amri kumi, hapa binti, Saffiyah Khan, anamjibu, wazee wanampigia ala. Utamu uko hapo. Mwimbaji wao Terry Hall alifariki 2022. Mwandishi chipukizi mwenzangu, ukongwe si kurudia wimbo wa ujana. Ni kujua lini umwachie mwingine kipaza sauti.