Ubeti Si Nyumba

Kuna mtindo umeingia vijiweni kwetu, sisi tunaojiita waandishi chipukizi, nao unanikera. Mtu anakutana na neno la Kiswahili, anasikia kwamba Waarabu nao wanalo linalofanana nalo, basi hapo hapo kesi imekwisha. Neno lao, kitu chao. Katika miswada niliyopitia mwaka huu nimeikuta hoja hii zaidi ya mara moja: kwamba shairi, beti, mizani na bahari ni maneno ya Kiarabu, kwa hiyo ushairi wa vina na mizani ni mgeni, na kijana anayejitambua aachane nao aandike mashairi huru. Mimi mwenyewe huandika mashairi huru, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hilo "kwa hiyo".

Tuanze na beti. Kwa Kiarabu bayt ni nyumba. Mabedui wa jangwani waliishi kwenye mahema yaliyofumwa kwa manyoya ya mbuzi, na hema la namna hiyo huitwa bayt al-sha'r, nyumba ya manyoya. Mstari wa shairi nao ukaitwa bayt al-shi'r. Ukiyaandika kwa herufi zao bila alama za irabu, kama wanavyoandika siku zote, majina haya mawili hayatofautiani hata nukta. Halafu mstari huo una nusu mbili, na kila nusu huitwa misraa, yaani ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Picha imekamilika: nyumba, na mlango wake unaofunguka huku na huku. Kusema kweli inapendeza.

Sasa njoo pwani kwetu. Ubeti wa Kiswahili si mstari. Ni fungu zima la mishororo, mara nyingi minne, na kila mshororo una ukwapi na utao wake. Mwarabu akikwambia ametunga beti kumi, mkononi ana mistari kumi. Malenga wa Tanga akikwambia hivyo hivyo ana arobaini. Hebu waweke pamoja wapatane bei ya kuchapisha, uone kasheshe lake! Tena sisi tumelivisha neno lenyewe u- mbele, likaenda ubeti, beti, kama vile ufunguo, funguo. Nani kijiweni hukumbuka nyumba anaposema ubeti wa tatu?

Mizani ndiyo inayowababaisha wengi. Ni kweli mizan kwa Kiarabu ni kitu cha kupimia uzito, na kwetu pia, sokoni. Lakini ulizeni kinachopimwa. Al-Khalil bin Ahmad, mwanazuoni wa Basra wa karne ya 8, ndiye aliyezichambua kanuni za ushairi wa Kiarabu, na msingi wake ni mpangilio wa silabi ndefu na fupi. Mikondo hiyo, ambayo leo huhesabiwa kuwa 16, kila mmoja huitwa bahr, bahari. Kiswahili hakina mchezo huo wa ndefu na fupi. Sisi tunahesabu silabi tu: nane kwa nane, jumla kumi na sita. Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, kitabu ambacho vijana wengi wanakitukana bila kukifungua, mizani aliyoieleza ni ya kuhesabu silabi. Al-Khalil angekipata, angejiuliza hawa wanapima nini. Na "bahari" tukaichukua tukaifanya jina la aina ya utungo: utenzi ni bahari, shairi ni bahari, wimbo ni bahari. Tumechota jina tukaacha maji.

Hapo mwenzangu atadai kwamba hata hivyo jina lina siri yake. Haya, tufuate majina. Utendi, au utenzi, ni jina la Kibantu lililotokana na kutenda. Ukifungua Utendi wa Tambuka, ambao muswada wake unaonyesha mwaka 1728, utakuta vita vya Waislamu wa mwanzo na Warumi wa Mashariki. Jina la nyumbani, habari za ng'ambo. Shairi lenyewe lina jina la Kiarabu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alilitumia kusema mapenzi, njaa, majirani wanafiki, na siasa za Mombasa dhidi ya Seyyid Said. Jina la ng'ambo, habari za mtaani. Kwa hiyo mwenye kuhukumu kwa majina atalazimika kumfukuza Muyaka na kuikumbatia Tambuka kwamba ndiyo "asilia". Mimi siwezi kumfuata huko.

Wakubwa wetu walishagombana sana kuhusu jambo hili. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo na wanausasa walishikana mashati, na asili ya ushairi wetu ilikuwa mojawapo ya fimbo walizochapana nazo. Lakini mashairi ya Kichomi hayasimami kwa sababu ya asili ya neno lolote. Yanasimama kwa sababu mtu ana jambo analosema, na pumzi ya kulisema. Kijana wa leo anayeokota fimbo ile ya zamani na kuacha pumzi, anazuga.

Kuna jozi nyingine inayonifurahisha zaidi, fasihi na adabu. Utaambiwa fasihi ni Kiarabu. Ndiyo, lakini mwambie Mwarabu kwamba unasoma "fasih" Chuo Kikuu, atabaki kukutazama, kwa maana kwake fasih ni sifa ya mtu au maneno: msemaji mzuri, lugha safi. Fasihi yeye huiita adab. Neno hilo la kale lilibeba malezi mema, elimu na uandishi wenye kuchangamsha akili, yote kwa pamoja. Waturuki wakapata edebiyat, Wahausa wakapata adabi, na kwao wote ni fasihi. Sisi tulichukua lile lile tukashika upande wa malezi peke yake: mtoto ana adabu, mtoto atiwe adabu. Waindonesia walishika upande huo pia, kisha kutokana nalo wakaunda peradaban, yaani ustaarabu. Fasihi wakaipa jina la Kisanskriti, sastra. Mbegu moja, mashamba manne, mazao tofauti.

Hatari yake kwa mfasiri iko wazi. Kwenye vyuo vikuu vya nchi za Kiarabu kuna kitivo kinachoitwa Kulliyyat al-Adab. Ukifuata sura ya neno utaandika "Kitivo cha Adabu", na msomaji wako atadhani mhusika mkuu amepelekwa kunyooshwa. Amekwenda kusoma lugha na historia, masikini.

Sitaki mnielewe kwamba asili ya neno haina uzito kamwe. Neno ustaarabu lina mwiba wa kweli. Mara nyingi nasikia eti ni "ustaa wa Uarabu", jambo ambalo ni porojo. Ni kitenzi cha Kiarabu, ista'raba, kujifanya Mwarabu au kushika desturi za Waarabu. Kitenzi hicho hicho kiliwapa Wahispania mozárabe, jina la Wakristo walioishi chini ya utawala wa Waislamu huko Andalusia. Kule ni kundi la watu katika historia. Huku mstaarabu amekuwa yule anayepisha wazee kwenye daladala. Maana imesafiri mbali, sikatai, ila mwandishi anayelikwepa neno hili na kuchagua uungwana au utu namwelewa kabisa, kwani ndani yake bado mnasikika nani alikuwa kipimo cha nani. Tofauti yake na beti ni hiyo. Ubeti haumdharau mtu.

Na tusidhani kwamba udugu wa Kibantu hautatutega. Mshona akikwambia ana simba, usikimbie: kwao simba ni nguvu, na mnyama mwenyewe ni shumba. Mzungu naye alitwaa safari yetu, ambayo sisi tuliitoa kwa Waarabu, akaifanya ya kutazama tembo tu. Sisi hata ya Kariakoo ni safari.

Mwisho, kwa wale wanaotuletea miswada yenye kichwa "diwani": neno hilo lilitoka Uajemi, likapitia kwa Waarabu, likamaanisha daftari la serikali, ofisi, baraza na mkusanyo wa mashairi. Ufaransa likafika kama douane, forodha. Uingereza likawa kiti kirefu cha kujilaza. Kwetu ni kitabu cha mashairi na ni mjumbe wa halmashauri aliyechaguliwa na kata. Anayetaka kuifuta diwani ya kwanza kwa kosa la ugeni, amfute na huyo wa pili, na nina hakika katika baadhi ya kata hatakosa watu wa kumuunga mkono.