Bluey: Jinsi Sheria za Mchezo Zinavyobeba Hadithi

Bluey ni katuni ya watoto wadogo kutoka mji wa Brisbane, Australia. Ilibuniwa na Joe Brumm, ikatengenezwa na studio ya Ludo na kuanza kurushwa na shirika la utangazaji la nchi hiyo, ABC, tarehe 1 Oktoba 2018. Wahusika wake wakuu ni wanne: Bluey, mwenye miaka 6 mwanzoni mwa mfululizo, mdogo wake Bingo, wa miaka 4 wakati huo, baba yao Bandit na mama yao Chilli. Wote ni mbwa, wa aina ile ya Australia inayochunga ng'ombe. Kipindi kimoja kwa kawaida huchukua dakika 7. Mwaka 2024 Wamarekani waliitazama kwa njia ya mtandao kwa zaidi ya dakika bilioni 55, na hakuna mfululizo mwingine wowote ulioifikia nchini humo mwaka huo. Sifa nyingi inazopewa zinahusu upendo wa familia ile. Sifa hizo ni za haki, lakini zinauruka ufundi, na upendo ule unaonekana kwenye skrini kwa sababu kuna watu waliokaa wakaujenga hatua kwa hatua.

Msingi wa ujenzi huo ni sheria ya mchezo. Katika kipindi cha kwanza kabisa, "Magic Xylophone", kuna marimba ya ajabu: ikipigwa, aliyelengwa anaganda kama sanamu mpaka afunguliwe. Sheria ni hiyo tu, na mtoto wa miaka 3 anaielewa kwa kuona mara moja. Baada ya hapo mwandishi hana haja ya kumleta jini, mwizi wala dhoruba. Ana dada wawili na marimba moja. Bluey anaing'ang'ania, Bingo anakosa zamu, baba anapata mwanya, na hadithi inajiendesha yenyewe.

Tazama faida zake. Dakika 7 hazitoshi kumtambulisha mhusika mpya, kumpa nia, kumwekea kikwazo na kumaliza. Sheria ya mchezo inayafanya yote hayo kwa pamoja. Inamwezesha mtoto kubashiri kitakachofuata. Tena inamfanya mwamuzi: Bluey akiruka zamu ya mdogo wake, mtazamaji anajua kwamba haki imevunjwa kabla mtu yeyote ndani ya hadithi hajafungua kinywa. Hakuna mwalimu anayejitokeza mwishoni kueleza funzo, kwa kuwa funzo limekwisha kupita mbele ya macho. Hata wimbo wa mwanzo umeundwa hivyo: familia inacheza dansi, muziki unakatika, wanaganda, na mmoja mmoja anatolewa.

Kabla ya kurudi Brisbane, Brumm alikuwa mhuishaji London, na alishiriki katika Charlie and Lola, katuni nyingine ya ndugu wawili, kaka na dada, inayotokana na vitabu vya Lauren Child. Kule wazazi hawaonekani kamwe. Kaka mkubwa ndiye anayembembeleza mdogo wake ale, alale, aende shule. Bluey imewarudisha wazazi, lakini kwa sharti moja zito: akiingia mchezoni, mzazi anatii sheria za mchezo. Bandit akigandishwa, amegandishwa kweli, hata kama kugandishwa huko kunamwaibisha. Kwangu mimi huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika mfululizo huu. Mamlaka ya nyumbani yanapinduliwa kwa dakika chache, mtoto anakuwa mkubwa, na kicheko kinatoka hapo bila mzazi kuchorwa kuwa mjinga.

Katika uchoraji, studio imechagua njia ya gharama nafuu. Wahusika hawachorwi upya kila fremu; wanaundwa kwa vipande vilivyounganishwa kwenye viungo, kisha vipande hivyo vinasogezwa ndani ya programu ya CelAction2D. Miili ni kama maboksi yenye pembe zilizolainishwa, na rangi zinatambulika kwa mbali: Bluey amechukua ubuluu wa baba, Bingo rangi ya mama inayokaribia machungwa. Nguvu iliyookolewa hapo inaonekana katika mkao wa mwili na katika mandhari. Nyumba yao ni ya mtindo wa Queensland, iliyoinuliwa juu ya nguzo, yenye veranda, na mwanga wake ni mwanga wa mahali halisi.

Kazi ya muziki inastahili kuchambuliwa kwa utulivu zaidi. Mtunzi Joff Bush na wenzake hawatumii maktaba ya muziki uliorekodiwa tayari. Kila kipindi kinaandaliwa muziki wake. Mfano mkubwa ni kipindi cha "Sleepytime" cha mwaka 2020. Bingo anataka kulala usiku kucha kitandani mwake mwenyewe. Kutoka hapo hadithi inakwenda kwa njia mbili sambamba: nyumbani gizani, ambako watoto wanahamahama vitanda na baba anapigwa mateke usingizini, na ndotoni, ambako Bingo anaelea kati ya sayari pamoja na sungura wake wa kuchezea. Kinachotokea chumbani kinageuzwa kuwa tukio la angani. Joto la mwili wa mama linakuwa jua. Mazungumzo karibu hayapo, kwa hiyo anayesimulia ni muziki: "Jupiter" wa Gustav Holst, kutoka mkusanyo wake wa The Planets. Sauti ile pana inafunguka kwa ukamilifu Bingo anapolikaribia jua, na jua linapozungumza, linazungumza kwa sauti ya Chilli. Mtoto anaona safari ya nyota. Mzazi anaona mwanawe akijifunza kuwa mbali naye. Picha ni ileile na dakika ni zilezile, wala hakuna aliyepunjwa.

Ujasiri huo unarudi katika "Rain" ya msimu wa tatu, ambako Bluey anahangaika kuzuia maji ya mvua yasipite njiani, huku mama akihofia tope ndani ya nyumba. Maneno karibu hayapo. Inahitaji imani kubwa kumwachia mtazamaji wa miaka 4 ukimya wa namna hiyo. Sauti za watoto nazo zinasaidia: ni za watoto wa watu waliomo katika utengenezaji, na majina yao hayatangazwi. Wanavuta pumzi katikati ya sentensi kama watoto wanavyofanya.

Mbinu ya sheria inapoachwa, pengo linaonekana. "The Sign" ya Aprili 2024, yenye dakika 28, inahusu familia kutaka kuuza nyumba na kuhama. Nilikiona kipindi hiki kuwa dhaifu kuliko vipindi vifupi, kwa sababu tatizo ni la watu wazima na suluhisho linatoka nje: mauzo yanakwama. Watoto hawana mchezo wa kulishika tatizo hilo mikononi.

Kwetu, shirika la Ubongo la Dar es Salaam limeonyesha kupitia Akili and Me kwamba katuni ya wadogo inaweza kutengenezwa hapa, kwa Kiswahili, ikafundisha herufi na hesabu. Kazi hiyo iendelee. Lakini bado kuna nafasi ya katuni ya ndugu wawili isiyofundisha herufi hata moja, na malighafi yake imejaa uani: kombolela, rede, mdako, kila mmoja na sheria zake zinazogombaniwa. Mwandishi atakayejaribu aandike sheria ya mchezo kwa sentensi moja, kisha aamue ni nani atakayeivunja na kwa nini. Akishindwa kuifupisha hivyo, asianze kuchora.