DUMA: MNYAMA AU GIZA?

Kwetu Nyakunguru ukitaja duma, mtu anamfikiria mnyama wa Serengeti. Kwa Kikuyu neno hilo ni giza, na ndilo walilolichagua Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi kuwa jina la kundi lao na la albamu yao ya kwanza, iliyotolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni metali kali kupindukia: gitaa linanguruma, ngoma za mashine zinakimbia kuliko mkono wa mtu, Khanja anapiga mayowe.

Sasa mhakiki wetu wa darasani atauliza: dhamira iko wapi, mbona maneno hayasikiki? Swali hilo limekaa kombo. Hapa fani haibebi maudhui kama debe linavyobeba maji. Sauti yenyewe ndiyo maudhui. Asiyejua Kikurya akisikia litungu, nyuzi nane zikiunguruma chini kabisa, hahitaji mkalimani kujua kwamba linasemwa jambo zito. Au litungu nalo tuliite kelele?

Ila siwasifu kwa kila kitu. Anwani kama "Pembe 666" inatafuta hofu ya bei rahisi. Namba hiyo ya Ufunuo makundi ya Ulaya yameshaichosha tangu miaka ya 1980. Tena kasi, kwa sehemu kubwa ya albamu, haipumui, na sikio huzoea. Black Sabbath mwaka 1970 walifungua albamu yao ya kwanza kwa mvua, kengele na gitaa la mwendo wa polepole. Jamani, ile bado inatisha.